Kodi za Piano Zinazoshuka: Nilivyojifunza Preludi ya Chopin Mjini Kampala

Preludi namba 4 ya mtunzi Frédéric Chopin, kipande kifupi cha piano katika ufunguo wa E maina, inakaa kwenye ukurasa mmoja. Ina vipimo 25, yaani visehemu vya mapigo vinavyotengwa na mistari ya wima, na haifiki dakika tatu hata ukienda mwendo wa pole. Mtu aliyejifunza piano kwa mwaka mmoja anaweza kubonyeza noti zake zote bila kukosea. Ndiyo maana walimu wengi huwapa wanafunzi wao mapema, na wanafunzi wengi huiacha mapema vilevile wakiamini wameshaimaliza. Mimi nimekaa nayo kuliko kipande kingine chochote. Naandika haya nikimfikiria mtu aliyeko Mbale, Arua au Mbarara, mwenye kinanda chake na karatasi ya noti, ambaye anasikia kwa masikio yake kwamba noti zote ziko sawa na bado muziki haujatoka.

Mimi ni fundi cherehani. Tunashonea Kiyembe, katikati ya Kampala, kwenye vichochoro vya vitambaa ambako huwezi kusimama mlangoni bila kumpisha mtu aliyebeba jora la kitenge begani. Tunashona gomesi, sare za shule na nguo za harusi. Nimekulia kambi ya polisi, na ndiyo sababu Kiswahili ni lugha yangu ya nyumbani. Wengi walio nje ya Uganda hawajui kwamba kambini kwetu watoto wa Waacholi, Wateso, Walugbara na Waganda hucheza, hugombana na hupatana kwa Kiswahili. Baba alikuwa mwanabendi. Alipuliza tarumbeta kubwa la sauti nene, lile linaloshikilia chini wakati wenzake wanarukaruka juu. Mwalimu wangu wa piano ni Mkongo wa Bukavu. Jumapili hupiga kinanda kanisani, na siku nyingine hufundisha kwenye ukumbi wa kanisa hilohilo, upande wa Nsambya, palipo na piano ya kusimama ya zamani. Yeye huniita dada, mimi humwita Mwalimu, ingawa kwa umri namzidi.

Kwa kuwa nimetokea kwaya, nilizoea solfa, yaani kuimba noti kwa majina ya do, re, mi. Jambo la kwanza nililofanya ni kuigeuza sauti ya mkono wa kulia kuwa solfa na kuiimba. Inaanza kwa kuruka kutoka mi ya chini hadi mi ya juu, kisha inasema: mi, fa. Mi, fa. Mi, fa. Halafu inateleza hadi re na kurudia yaleyale: re, mi. Re, mi. Re, mi. Vipimo vinane vya mwanzo ni hivyo tu. Mwimbie mtu wa kwaya, atakuuliza wimbo wenyewe uko wapi.

Wimbo uko mkono wa kushoto. Hilo ndilo jambo nililolipata kwenye preludi hii, na mengine yote nitakayoyasimulia yametoka humo. Mkono wa kulia umekaa karibu pale pale kama mtu anayerudia neno moja, na chini yake mkono wa kushoto unabadilisha maana ya neno hilo kila mara. Unaanza na kodi ya G, B na E, sauti tatu zinazobonyezwa pamoja, mara nane katika kila kipimo. Kisha sauti moja inashuka nusu hatua, yaani hadi kitufe cha jirani kabisa. Baadaye nyingine. Mara kidole kimoja kinahama na viwili vinabaki, mara vinahama viwili. Kodi nzima haihami kwa pamoja kama tulivyozoea kwenye nyimbo za ibada, ambapo unatoka kodi moja unaingia nyingine na kila mtu anajua umefika wapi. Hapa unashuka ngazi gizani, na kila ngazi ina kimo chake.

Mwalimu hakuniruhusu kuunganisha mikono. Kwa muda mrefu nilipiga mkono wa kushoto peke yake, tena bila yale mapigo manane. Nilibonyeza kodi mara moja, nikaishikilia, nikaisikiliza mpaka nijue ina ladha gani, ndipo nikahamia inayofuata. Kila nilipohama aliuliza, "Dada, kidole gani kimehama?" Nilitakiwa kujibu kwa sauti: cha mwisho, cha kati, gumba. Baadaye akaniambia nifumbe macho, yeye akapiga kodi hizo na mimi nikataja kwa kusikia. Halafu nikaimba sauti ya kati peke yake, kisha ya chini peke yake. Mtu anayepita nje angesema hawa hawapigi muziki wowote. Lakini siku tuliporudisha mapigo manane, nilishangaa: sikuhitaji kufikiri niweke hisia wapi. Pale sauti ilipohama, mkono wenyewe uliielekea. Kodi nyingine zinabana kifua, nyingine zinaachia kidogo, na chache zinakufanya udhani umefika nyumbani kabla hazijateleza tena. Mtu akishasikia tofauti hiyo hawezi kupiga mapigo manane yanayofanana, hata akilazimishwa.

Kuna jambo la mikono hapa ambalo vitabu hulipita haraka. Kwenye mkono wa kushoto kidole gumba ndicho kinachopiga sauti ya juu ya kodi, na kidole gumba ni kizito. Ukikiacha kijiendee kitagonga, na mlio wake utafunika ile mi ndefu ya mkono wa kulia. Mwalimu alinifanya nipige kodi huku gumba likigusa tu bila kutoa sauti, kisha nilirudishe taratibu mpaka lisikike kwa mbali. Tena kuna suala la piano yenyewe. Ndani ya piano kila kitufe hurusha nyundo kwenye nyuzi, na nyundo lazima irudi kabla haijarushwa tena. Mwaka 1821 ilitolewa hati ya ubunifu wa mtambo wa Sébastien Érard unaowezesha kitufe kurudia sauti kabla hakijapanda hadi juu kabisa, na piano kubwa za leo zinatumia wazo hilo. Piano ya kusimama, kama ile ya ukumbini kwetu, kwa kawaida haina mtambo huo. Kitufe lazima kipande zaidi ndipo kipige tena. Kwa hiyo kurudia kodi mara nane kwa upole ni kazi ngumu zaidi kwenye piano za kusimama, ambazo ndizo wengi wetu tunazipata. Dawa yake ni kutobandua vidole. Ngozi ya kidole inabaki imegusa kitufe, unakisindikiza juu mpaka usikie kimekamata, kisha unakishusha tena. Ukiinua vidole hewani na kuvirudisha, kila pigo litakuwa kishindo.

Chopin aliandika juu ya ukurasa huo Largo, yaani pole na pana, na mara nyingi watu huishia kusoma neno hilo. Alama ya mapigo aliyoweka inadai mapigo makubwa mawili kwa kila kipimo, si manne wala manane. Ukihesabu manane, muziki unakaa chini na hauinuki. Ukihesabu mawili, zile kodi nane zinakuwa kama mtetemo ndani ya hatua mbili ndefu, na preludi inatembea. Mwalimu alinitembeza ukumbini huku nikiimba mi, fa, hatua mbili kwa kila kipimo, mpaka mwili ukajua.

Nilipoweza kutembea nayo ndipo aliponisimulia historia yake, na naamini alichelewesha kwa makusudi. Preludi hii ni moja kati ya 24, moja kwa kila ufunguo wa meja na wa maina, zilizochapishwa mwaka 1839. Majira ya baridi ya kabla ya hapo Chopin alikuwa kisiwa cha Majorca pamoja na mwandishi George Sand na watoto wake, wakikaa kwenye monasteri ya zamani huko Valldemossa, mvua ikinyesha na kifua kikimsumbua. Huko ndiko alikozimalizia preludi zake. Alipofariki Paris mwezi Oktoba 1849, akiwa na miaka 39, mazishi yake yalifanyika kanisa la Madeleine. Kwaya iliimba Requiem, misa ya wafu, ya Mozart, na preludi namba 4 na namba 6 zikapigwa kwa ogani. Mwanafunzi akisikia neno mazishi kabla hajazijua noti, anaanza kuburuta. Kila kodi inakuwa jeneza. Mimi niliisikia habari hiyo nikiwa tayari na mapigo yangu mawili miguuni, kwa hiyo ilinipa uzito bila kunipunguzia mwendo. Ningekuwa nafundisha, ningefuata mpango huohuo.

Kuhusu mguu nina mengi ya kusema, maana miguu yangu ndiyo inayonilisha. Cherehani ya kukanyaga inataka mguu na mkono viende pamoja. Mguu ukianza, sindano inaanza. Mkono ukigeuza kitambaa, mguu unapunguza papo hapo. Fundi mzuri hafikirii tena. Pedali ya kulia ya piano inataka kinyume kabisa. Kazi yake ni kuinua vile vizuizi vya nyuzi ili sauti iendelee baada ya kidole kuondoka. Ukikanyaga pamoja na kodi mpya, unabeba na mabaki ya kodi ya zamani, na katika preludi hii ambamo kodi zinatofautiana kwa nusu hatua, mabaki hayo yanageuka tope. Unatakiwa uinue mguu wakati kodi mpya inapolia, kisha ukanyage tena nyuma kidogo ya mkono, sikio likiwa limeshathibitisha kwamba kodi ya zamani imeondoka. Mguu unachelewa makusudi. Kwangu mimi hilo lilikuwa kama kujifunza kutembea upya. Nilijizoeza na kodi moja moja: bonyeza, sikiliza, inua na kukanyaga, sikiliza. Kazini mguu wangu uliendelea na desturi yake ya zamani, ukumbini ukajifunza ya pili, na leo unajua uko wapi kwa kugusa chuma chenyewe.

Ni lazima niseme pia kwamba si kila kodi inahitaji pedali kamili. Ukumbi wetu una sakafu ya saruji na mabati juu, sauti inazunguka yenyewe. Mvua ikinyesha juu ya yale mabati hakuna pedali itakayokusaidia, unasubiri ipite. Kwenye chumba chenye mapazia na makochi ungehitaji pedali zaidi. Usikariri sehemu za kukanyaga kutoka kwa mtu mwingine. Sikiliza chumba ulichomo.

Baba alikuja kutoka Tororo kwa shughuli zake za pensheni, na jioni nikampeleka ukumbini asikie. Alikaa kwenye benchi la ukutani, kofia magotini, akasikiliza mpaka mwisho bila kutikisa hata kichwa. Nilipomaliza aliuliza, "Mwanangu, unavuta pumzi wapi?"

Nikamwambia, "Baba, hii ni piano, haihitaji pumzi."

"Anayesikiliza anahitaji," akasema.

Kesho yake alirudi na tarumbeta lake. Alisimama kando ya piano, akasoma mstari wa mkono wa kulia kwenye karatasi yangu, akageuza noti kichwani ziendane na chombo chake, akaanza kupuliza kwa sauti ya chini mno. Nilimtazama kwa karibu. Mi, fa, mi, fa, mi, fa, kifua kikishuka taratibu, mashavu yametulia, mpaka sauti iliposhuka na yeye kufika mwisho wa hewa yake. Akavuta pumzi, nayo ilisikika, kisha akaingia re kana kwamba ni jambo jipya kabisa. Kumbe ile mi, fa inayorudiwa mara tatu ni sentensi moja! Mimi nilikuwa nimeisoma kwenye karatasi kipimo kwa kipimo kwa sababu ya ile mistari ya wima. Yeye hakuiona mistari. Aliona umbali ambao kifua kimoja kinaweza kufika.

Tena alinionyesha kwamba fa ndiyo inayolia na mi inayofuata ndiyo inayoipokea. Fa ilikuwa na uzito kidogo, mi ikaja nyepesi, ingawa mi ndiyo iko mwanzoni mwa kipimo, pale ambapo mguu wa mwanabendi aliyezoea gwaride ungependa kukanyaga. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nikikitafuta. Chopin mwenyewe aliwahimiza wanafunzi wake wakawasikilize waimbaji wa opera, na nikisikia habari hiyo namkumbuka Baba na pumzi zake.

Lakini piano ina ukomo ambao tarumbeta haina. Baba anaweza kuishika mi na kuikuza katikati. Mimi nikishaibonyeza imekwisha, inaanza kufa palepale, na hakuna nguvu ya kidole itakayoirudisha. Mwalimu ndiye aliyenipa njia. Niipige noti ndefu kwa kina, kisha niifuate kwa sikio inavyopungua. Kodi za kushoto zikae chini ya kile kilichobaki, zipungue pamoja nayo. Fa inapofika, niipige kwa kiwango kinachokaribia pale mi ilipofikia. Nikiipiga kwa nguvu za mwanzo, inasikika kama mtu mwingine amedakia mazungumzo. Nikiipiga kwa kukadiria mabaki ya mi, sikio la msikilizaji linaziunganisha lenyewe na anaamini amesikia uzi mmoja usiokatika. Ni kazi ya kusikiliza kuliko ya vidole. Jambo hili halikai mkononi likabaki. Kila siku nikikaa kwenye piano ni lazima nilitafute upya, kwa sababu chumba si kilekile na mkono si uleule.

Kuhusu kuchezea mwendo, kuvuta hapa na kuharakisha pale, nilikuwa na hamu nayo tangu mwanzo. Ni kitu kinachosikika sana kwenye rekodi za wapiga piano wakubwa. Waliofundishwa na Chopin walisimulia kwamba alitaka mkono wa kushoto uwe kiongozi wa bendi, ushike mapigo, na mkono wa kulia ndio uwe na uhuru. Kwenye preludi hii ushauri huo unafaa sana. Nikiuachia mkono wa kushoto uyumbe kila ninapojisikia vibaya, msikilizaji hajui tena ardhi iko wapi na uhuru wa mkono wa kulia haumgusi. Nikiushikilia, basi fa ikichelewa kwa kitambo kidogo tu, inauma.

Kipimo cha 16 ndipo pameandikwa stretto, mwendo unakazwa, na kipimo cha 17 ndipo pekee penye sauti kubwa katika ukurasa mzima. Vijana wanaojifunza nami hupasubiri kwa hamu. Nami nakiri pana utamu, maana umekaa chini kwa chini muda wote huo. Nilichojifunza ni kwamba nguvu ya pale haitoki kwenye kugonga. Unauachia mkono mzima uzame kutoka begani, kiwiko kikiwa huru, na kodi inajaa bila kupasuka. Piano yetu ya zamani ukiigonga inapiga kelele za mbao. Ukiizamia inaimba hata katika umri wake. Sehemu ngumu inakuja baada ya hapo, kushuka. Unatoka kwenye kilio, na una vipimo vichache tu vya kurudi kwenye utulivu, na utulivu huo hauwezi kuwa ule wa mwanzo. Mtu aliyelia hatulii kama mtu ambaye hajalia. Mwalimu aliniambia nisipunguze sauti haraka, nisubiri uchovu uishushe. Nikaona ni kweli: mkono ukishushwa kwa amri, wasikilizaji wanaona hila, ukishuka kwa kuishiwa, wanashuka nao.

Kisha kuna ule ukimya. Kipimo cha 23 kina kodi ngeni, halafu kituo chenye alama ya kushikilia, kabla ya kodi tatu za mwisho. Hapo pedali inaachiwa na ukumbi unabaki mtupu. Kwetu ukumbi haubaki mtupu hata kidogo: bodaboda zinapita, watoto wanacheza mpira ukutani, mama wa chai anapanga vikombe. Nilidhani kelele zile zingeharibu. Zimenisaidia. Ukimya unaonihusu ni ule ulio kwenye piano, na kama kodi iliyotangulia imeuliza swali kwa haki, hata mama wa chai anatulia kungoja jibu. Nimeona hilo likitokea. Siwezi kuhesabu sekunde za pale. Nasubiri mpaka nisikie kwamba watu wameacha kuamini nitaendelea, ndipo naingia na kodi tatu, za chini, za polepole, na vidole vyote vya kodi vikifika kwa wakati mmoja. Hilo la mwisho ni gumu kwa sauti ndogo hivyo. Kitufe kikibonyezwa taratibu mno nyundo haifiki kwenye nyuzi, na kodi inatoka na pengo.

Nyumbani sina piano. Nina kinanda cha umeme cha vitufe 61, cha mtumba, vitufe vyake vyepesi. Kinafaa kwa kusoma noti, kukariri vidole na kujaribu kodi kwa sikio. Uzito wa mkono hakifundishi. Umeme ukikatika nafanyia mazoezi kwenye meza ya kukatia vitambaa, nikiimba mkono wa kulia na kugonga wa kushoto kwa vidole. Nampa kila mtu ushauri huo, hata mwenye umeme wa uhakika. Mezani hakuna sauti ya kukubembeleza, kwa hiyo unagundua mara moja ni kodi zipi unazijua na zipi vidole vilikuwa vinabahatisha. Simu nayo ni msaada mkubwa. Rekodi hata kwa simu ya kawaida, iweke mbali, mwisho wa chumba. Ukiwa umekaa kwenye piano unasikia zaidi ile sauti unayoitamani; kule nyuma ya chumba kodi za kushoto huwa nzito kuliko ulivyodhani, kila mara.

Piano ya ukumbini inapata shida miezi ya mvua. Kampala iko karibu na Ziwa Victoria, unyevu ni mwingi, mbao zinavimba, vitufe vingine vinabaki chini, na lile bao la sauti lililo ndani likivimba linavuta nyuzi hata sauti zinapanda. Anayetengeneza na kulinganisha piano hapatikani kila mtaa. Kati ya Machi na Mei huwa najua ni kitufe gani kitagoma, nakibonyeza mapema kidogo. Watu wengine wangesema subiri chombo kizuri. Kuna kitu nilichokipata kwenye chombo hicho kibovu: kwa vile kila kitufe kina tabia yake, sikuweza kupiga kwa mazoea. Ilinibidi nisikilize kila sauti kabla sijaenda kwenye nyingine, na preludi hii haidai kitu kingine zaidi ya hicho.

Nimeipiga mbele ya watu kwenye jioni ya muziki ya kwaya, kati ya nyimbo za sauti nne na ngoma. Niliogopa kwamba wangeiona kavu, haina maneno, haina makofi ya kuchezea. Mama mmoja mteja wangu, ambaye sijui kama amewahi kukaa kuisikiliza piano, alinishika mkono mlangoni akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi umenikumbusha wangu." Hakuwa ameambiwa habari za Paris wala za Madeleine.

Sasa nimeanza namba 6, ile ya B maina, mwenzake wa siku ya mazishi. Humo mambo yamegeuzwa: wimbo uko chini, mkono wa kushoto ndio unaoimba, na kodi za kurudiarudia zimehamia kulia. Gumba la kushoto nililolifundisha kukaa kimya sasa linatakiwa liimbe kila wimbo unapopanda, na vidole vya kulia vinajifunza unyenyekevu ambao vya kushoto vinaujua tayari. Baba ameutazama mstari ule wa chini akasema huo uko sawasawa kwenye sauti ya tarumbeta lake, na anataka tuupige pamoja. Mwalimu amekubali, kwa sharti kwamba kwanza niuweze mikono miwili peke yangu. Jumamosi tukifunga duka mapema ndiyo siku ya mazoezi, na Baba ameshaandika kwa penseli, kwenye nakala yake, alama ndogo kila mahali atakapovuta pumzi.